Daftari la Miso: hotuba baada ya onyesho la filamu Microhabitat

Hotuba hii ilitolewa mara baada ya onyesho, mbele ya wapenzi wa filamu na waandishi chipukizi wa miswada. Tunaiweka nzima kwa ajili ya waliokosa kufika. Microhabitat ni filamu ya Korea Kusini kuhusu Miso, binti anayeacha chumba chake cha kupanga ili asiache sigara na glasi yake ya wiski.

Mwenyekiti, wazee wetu mlioketi mbele, kina mama, kina baba, na nyinyi vijana wa kamera mliokaa sakafuni kwa sababu viti vimekwisha: shikamooni, na habari za jioni.

Taa hazijamaliza kuwaka na mabishano nimeshayasikia. Upande huu mtu anasema, "Huyu binti hana akili." Upande ule mwingine anajibu, "Angeacha sigara tu, yakaisha." Vizuri sana. Tuanzie hapo hapo kwenye sigara, maana filamu yenyewe inaanzia hapo.

Kwanza niwataje wenye kazi yao. Filamu hii imeandikwa na kuongozwa na Jeon Go-woon, na ndiyo filamu ndefu ya kwanza aliyoongoza. Miso anaigizwa na Esom. Mchumba wake, Hansol, anaigizwa na Ahn Jae-hong. Ilionyeshwa kwanza katika Tamasha la Filamu la Busan mwezi Oktoba 2017, ikaingia kwenye majumba ya sinema ya Korea Kusini Machi 2018, na mwaka huohuo mwongozaji akapewa tuzo ya mwongozaji mpya bora katika tuzo za filamu za Korea Kusini ziitwazo Blue Dragon. Mmekaa dakika 106 na mtu mmoja, sanduku lake, na daftari lake la matumizi. Naomba tulifungue hilo daftari.

Miso hufanya usafi kwenye nyumba za watu na hulipwa kwa siku. Kwa siku anapata won 45,000. Miaka ile dola moja ya Marekani ilikuwa karibu won 1,100, kwa hiyo tunazungumzia kama dola 41. Nimesikia mtu akiguna. Usigune bado, ndugu yangu. Mwaka 2015 kima cha chini cha mshahara Korea Kusini kilikuwa won 5,580 kwa saa. Zidisha kwa saa nane: 44,640. Maana yake binti huyu analipwa kima cha chini, tena kwa siku zile tu ambazo kuna nyumba inayomhitaji. Akiugua, hapati. Mteja akihama, hapati. Mteja wake mmoja, msichana mwenzake, anafika mahali hana cha kumlipa, na Miso hana mahali pa kwenda kudai.

Sasa inakuja Januari. Mwenye nyumba anapandisha kodi kwa won 50,000 kwa mwezi. Na sigara zinapanda. Hilo la sigara halikutungwa na mwandishi: tarehe 1 Januari 2015 serikali ya Korea Kusini ilipandisha ushuru wa tumbaku, na pakiti iliyouzwa won 2,500 ikawa won 4,500. Usiku mmoja tu. Pakiti moja ikala karibu saa nzima ya kazi ya mtu wa kima cha chini.

Na ana kitu kingine, glasi moja ya wiski, karibu won 12,000, anayoinywa peke yake baani, taratibu, bila kelele. Na ana dawa za mitishamba, kwa sababu bila dawa hizo nywele zake hugeuka nyeupe angali kijana. Basi. Sigara, glasi, dawa, na Hansol. Hana kingine.

Je, anayesema "angeacha sigara" amekosea hesabu? Tufanye hesabu kwa haki. Pakiti moja kila siku ni 4,500. Glasi moja, hata tukisema kila siku, ni 12,000. Jumla 16,500. Kwa siku 30 ni won 495,000. Kodi imepanda kwa 50,000. Kwa hiyo ndiyo, ndugu zangu, kwa hesabu tupu angebaki kwenye chumba chake, tena na chenji mkononi. Mwongozaji hakuificha namba hiyo. Angeweza kumpa Miso mama mgonjwa au mdogo wake wa kusomesha, sote tukamhurumia bila kusumbuka. Hakufanya hivyo. Amemchagulia vitu viwili ambavyo watu wenye heshima zao hawawezi kuvitetea hadharani, moshi na pombe, halafu akatuuliza: mnamtetea bado?

Mimi namtetea. Na nitaeleza kwa nini, kwa namba pia.

Mnakumbuka chumba chenyewe? Mnakumbuka ile baridi? Yeye na Hansol wanaanza kuvua nguo, koti, sweta, fulana, nguo juu ya nguo, halafu wanashindwa. Wanakubaliana wangoje majira ya kuchipua. Watu wawili wanaopendana, wamekodi chumba, na chumba hakiwaruhusu hata kugusana. Hicho ndicho alichotakiwa kukilinda kwa kuacha kila kitu kingine. Apande mlima, ashuke mlima, asugue vyoo vya watu, arudi kulala kwenye barafu, asubuhi arudie. Glasi ile ndiyo nusu saa pekee ya siku ambayo si ya mwajiri wala ya mwenye nyumba.

Tuseme basi ameacha vyote. Anaweka won 495,000 kila mwezi, hakosi hata mwezi mmoja. Anaelekea wapi? Hapa lazima niwaeleze jinsi watu wanavyopanga nyumba Korea, maana bila hilo nusu ya filamu inapita juu ya vichwa vyetu. Sisi wengi tumezoea kulipa miezi sita au mwaka kwa mkupuo na tunaona ni mzigo. Kule kuna utaratibu unaoitwa jeonse. Mpangaji anamkabidhi mwenye nyumba fedha nyingi kwa mara moja, mara nyingi zaidi ya nusu ya thamani ya nyumba yenyewe, kisha anakaa miaka miwili bila kulipa kodi ya mwezi. Mwenye nyumba anazizungusha fedha hizo, na mkataba ukiisha anazirudisha zote. Mwenye mtaji anakaa kwa nafuu na fedha zake zinarudi. Asiye na mtaji anabaki kwenye wolse, yaani amana ndogo pamoja na kodi ya kila mwezi, na kodi ile hairudi kamwe. Na hata hiyo amana inayoitwa ndogo huwa ni mamilioni ya won. Ndiyo maana ukishatoka kwenye chumba, kurudi ni kazi kuliko kubaki.

Chukua jeonse ya won milioni 100, kiasi ambacho kwa Seoul ya miaka ile kilikuwa cha chini. Miso akiweka 495,000 kila mwezi, kwa mwaka ana milioni 5.94. Atahitaji karibu miaka 17. Miaka 17 bila sigara, bila glasi, bila kuumwa, huku bei ikiwa imesimama kumngoja. Nani hapa aliwahi kuona bei ya nyumba ikisimama kumngoja mtu? Na huko kwenye jeonse kwenyewe hakuna usalama wa kutosha. Bei za nyumba zilipoanguka mwaka 2022 na 2023, maelfu ya wapangaji waligundua kwamba mwenye nyumba ana madeni na amana zao hazipo. Katika mji wa Incheon baadhi ya waliotapeliwa, vijana kabisa, walijiua. Mwezi Mei 2023 Bunge likalazimika kutunga sheria maalumu kwa ajili yao.

Kwa hiyo Miso anapochukua kalamu na kukata mstari, anakata ule unaokula zaidi na kumrudishia kidogo zaidi. Anakata chumba. Mimi sioni ujinga hapo. Naona mtu aliyesoma daftari lake mpaka mwisho, na daftari lenyewe ndilo ovu.

Jambo la pili, na hili ndilo naliona tajiri kuliko yote: nyumba za marafiki.

Alikuwa na bendi chuoni. Sasa anachukua sanduku na kuwazungukia wenzake wa bendi mmoja mmoja. Na kila mlango anaufikia na trei ya mayai. Trei nzima, mayai 30. Mgeni haji mikono mitupu, hilo hatuhitaji kufundishwa na mtu. Lakini angalieni mwongozaji anavyoitumia trei hiyo. Haigeuzi kuwa ishara ya kitu kingine. Inapokelewa, inawekwa mahali, na namna inavyopokelewa tunajua tayari usiku utakuwaje.

Wa kwanza yuko kwenye kampuni kubwa. Anajichoma dripu ya glukosi mwenyewe, kazini, ili amalize siku. Hawezi kumpokea. Wa pili ameolewa, anakaa na wakwe, anapikia ukoo mzima na kupika hajui. Miso anampikia vitoweo, anampangia, anaondoka. Mmeona alivyolipa? Hakuna aliyemdai, lakini kila nyumba amelipa: amesafisha, amepika, amesikiliza mtu akilia. Ukihesabu saa zake kwa kima cha chini, malazi yale hayakuwa ya bure hata usiku mmoja.

Wa tatu ni Dae-yong, na hapa naomba tukae kidogo. Kijana ana nyumba ya ghorofani, mpya, safi. Mke ameondoka. Anamweleza Miso kwamba mshahara wake ni milioni moja na laki tisa, na mkopo wa nyumba unachukua milioni moja kila mwezi, riba na deni pamoja. Kwa muda gani? Miaka 20. Na miaka 20 ikitimia, nyumba itakuwa yake, na itakuwa imechakaa. Piga hesabu: zaidi ya nusu ya mshahara, kila mwezi, mara 240. Ile nyumba waliinunua kwa ajili ya ndoa, na ndoa imekufa kabla ya mkopo kuanza kupungua. Dae-yong amefanya kila kitu ambacho jamii ilimwambia. Ameajiriwa, ameoa, amekopa benki kwa utaratibu. Halafu anakaa gizani kwenye vyumba vyake akilia, na anayemfuta machozi ni mtu aliyekuja kuomba sehemu ya kulala. Nani kati yao hana makazi?

Wa nne, Rok-i, bado anaishi na wazazi. Wazazi wanamfurahia Miso kupita kiasi. Wanamlisha, wanamtazama, na kabla ya kupambazuka mgeni amekuwa mkwe bila kuulizwa. Ndoa ndiyo kodi inayodaiwa hapo, na inabidi akimbie. Nimesikia mkicheka wakati wa tukio hilo. Nami nalipenda. Lakini fikirini ni wanawake wangapi wamekubali, kwa sababu nje kulikuwa na baridi.

Wa tano, Jung-mi, ameolewa kwenye utajiri. Nyumba kubwa, mtoto mchanga, vyumba vinavyokaa vitupu. Hapo ndipo Miso anapokaa vizuri zaidi, na hapo ndipo anapoumizwa zaidi. Kwa sababu Jung-mi ndiye anayeyatamka yale mliyoyasema nyinyi taa zilipowaka: mtu huna nyumba, na bado unavuta na kunywa? Tazameni mwongozaji alivyoyapanga. Hakumpa mwenye nyumba maneno hayo, wala polisi, wala mtu baki. Amempa rafiki. Tena rafiki ambaye naye ana hofu, anayelinda nafasi yake kwenye nyumba ya mume, asitake mume ajue alikuwa nani zamani. Asiyekuwa na hofu hiyo angesema vile? Sidhani.

Na Miso, katikati ya milango hiyo yote, anashikilia neno moja: nyumba hana, lakini fikra zake anazo na anavyovipenda anavyo.

Nisimsahau Hansol. Analala bweni la kiwanda, ndiyo maana hawawezi kuishi pamoja. Anachora katuni, anataka ziwe kazi yake. Wanapotaka kwenda sinema wanachangia damu, kwa kuwa kule mchangiaji hupewa tiketi kama zawadi. Kisha siku moja anasema anaacha kuchora na anakwenda kufanya kazi Saudi Arabia, miaka miwili, kwa sababu kule malipo ni makubwa zaidi na atalipa madeni. Ukumbi huu ulinyamaza hapo, na ninajua kwa nini. Humu ndani kuna watu ambao dada zao na kaka zao wako Riyadh, Jeddah, Muscat, kwa hesabu ileile. Hatukuzoea kumwona Mkorea akiipiga. Tamthilia zao tunazotazama sebuleni zimetuzoesha magari meusi na nyumba za vioo.

Jambo la tatu. Je, Miso yupo? Nje ya filamu, kwenye Seoul halisi, yupo wapi?

Ukiuliza kuhusu watu wasio na makazi Seoul utaonyeshwa kituo cha treni, na utawaona wanaume waliolala kwenye maboksi. Wanawake hutawaona kirahisi. Sababu ni ya wazi: mwanamke akilala sakafuni kituoni anajiweka hatarini. Kwa hiyo analala kwa rafiki, kwenye chumba cha intaneti cha kulipia kwa saa, kwenye jjimjilbang, yale mabafu ya moto yanayofunguliwa usiku kucha, au kwa mwanamume asiyempenda. Hesabu ya mitaani haimkuti. Sheria ya Korea ya mwaka 2011 kuhusu watu wasio na makazi ilipanua maana kwa makusudi, ikawaingiza pia wanaoishi mahali pasipofaa kabisa kuishi binadamu. Imeandikwa vizuri. Lakini kumwandika mtu kwenye sheria ni kazi moja na kumfikia ni nyingine, hasa mtu ambaye leo yuko kwa Jung-mi na kesho hayupo.

Chini ya chumba cha Miso kuna ngazi nyingine za makazi, na ngazi hizo zina majina. Kuna banjiha, chumba kilichozama nusu ardhini, dirisha likiwa usawa wa miguu ya wapita njia. Agosti 2022 mvua kubwa ilipiga Seoul, na katika mtaa wa Sillim-dong maji yakaingia kwenye chumba cha namna hiyo. Shinikizo la maji likazuia mlango kufunguka. Wanawake watatu wa familia moja walikufa humo, mmoja mtoto wa miaka 13. Na kuna goshiwon, vijumba vya kitanda na meza vilivyoanza kwa ajili ya wanafunzi wanaojiandaa na mitihani, vikageuka makazi ya vibarua. Kiwango rasmi cha chini cha makazi ya mtu mmoja Korea ni mita za mraba 14. Chumba cha goshiwon mara nyingi hakifiki hata nusu yake.

Tarehe 9 Novemba 2018, alfajiri, goshiwon moja katika wilaya ya Jongno iliungua. Moto ulianzia kwenye hita ya umeme ya chumba kimoja cha ghorofa ya tatu, karibu na njia ya kutokea. Watu saba walikufa. Mfumo wa kunyunyiza maji haukuwepo, kwa sababu sheria ya kuuweka ilipitishwa 2009 na jengo lile lilikuwa limeshaanza biashara kabla. Sasa sikilizeni namba moja tu. Chumba chenye dirisha kilikodishwa won 320,000 kwa mwezi. Kisicho na dirisha, won 280,000. Tofauti ni won 40,000. Waliokuwa na dirisha baadhi yao walitokea dirishani. Filamu ilikuwa imetoka miezi michache kabla, na ndani yake kodi imepanda kwa won 50,000. Msiniambie tena kwamba mwandishi wa mswada huu amekuza jambo dogo.

Jambo la mwisho ni la vijana wa kamera, nami nitakwenda haraka maana muda umenibana.

Jeon Go-woon alitoka kwenye kikundi kidogo kiitwacho Gwanghwamun Cinema, cha waongozaji waliojuana shuleni. Wanapokezana: leo wewe unaongoza na mwenzako anazalisha, kesho mnabadilishana. Ahn Jae-hong mwenyewe aliwahi kuigiza kwenye filamu ya kikundi hicho mwaka 2013, kabla hajawa maarufu kwenye televisheni. Hivyo ndivyo filamu huru, yaani isiyo na kampuni kubwa nyuma yake, inavyompata nyota: alikuwa nao kabla hajawa nyota.

Angalieni ilivyojengwa. Nyumba tano, kila nyumba sura moja, kila sura mwigizaji mmoja au wawili wa ziada. Maana yake mwigizaji mgeni unamhitaji siku chache tu, na mahali pa kupigia picha ni nyumba za kawaida. Bajeti imeandikwa ndani ya mswada tangu mwanzo. Hatari ya muundo huu mnaijua: sura ya tatu huwa inarudia ya pili, na mtazamaji anaanza kuhesabu zilizobaki. Yeye ameikwepa kwa kubadilisha kinachodaiwa kila mlangoni. Kwanza ni muda, halafu ni upishi, halafu ni machozi, halafu ndoa, halafu aibu. Sura mbili hazidai kitu kimoja.

Soko lenyewe ni gumu. Kule filamu huru ikifikisha watazamaji 10,000 watu wanapongezana, huku filamu kubwa iliyotoka Desemba 2017 ilipita watazamaji milioni 14. Anayengoja majumba makubwa yamfungulie skrini nyingi atangoja sana. Hii ilianza na tamasha, ikaenda kwenye kumbi za filamu za sanaa, kisha watazamaji wakaambiana.

Wale wa kundi la miswada tunakutana Jumamosi. Kila mmoja aje na daftari la mwezi mmoja la mhusika wake mkuu: anaingiza kiasi gani na kutoka kwa nani, anatoa nini, fedha inakwisha tarehe ngapi, na siku hiyo anakata mstari upi. Leteni na bei za kweli, mkaziulize sokoni na kwa madalali wa vyumba. Tutasoma madaftari kwanza, miswada baadaye.

Maswali sasa. Tuanze na wewe dada uliyesema angeacha sigara.